Shukrani kwa mzee wa Mlango Mmoja

Mzee wetu uliyesimama kwenye meza ya mitumba pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, jina lako hatukulipata. Shukrani zikufikie popote ulipo. Ulituzuia kulipia vile vinanda viwili vya mdomo, vya zamani vya aina ya Hohner Marine Band, kabla ya kupuliza na kuvuta pumzi kila tundu: matundu 10, ndimi 20, yaani vile vibamba vya shaba vinavyotoa sauti. Ulimi ulio kimya huenda una uchafu tu. Ulioshuka sana sauti peke yake, mara nyingi una ufa, na huo ni wa kubadilishwa.

Ukafungua kimoja palepale kwa kisu chembamba, ukikipenyeza taratibu pande zote, misumari ukiipanga ili kila mmoja urudi tunduni mwake. Ubao wa katikati wenye matundu usilowekwe, ulisisitiza: huvimba, kingo zikachomoza na kuchubua midomo. Kwa unyevu wa ziwani hapa, neno hilo ni dhahabu.

Lakini kubwa ni ile tupa. Uliweka kipande cha wembe chini ya ulimi kuushikilia, ukakwangua ncha kwa tupa mara mbili, sauti ikapanda. Ukakwangua karibu na ribiti, pale ulimi uliposhikiliwa, ikashuka. Kidogo tu, kisha pima, maana shaba iliyokwanguliwa hairudi.

Vyote viwili vinalia sasa, mzee. Mungu akuzidishie.