Karatasi uliyoificha chini ya godoro

Mwanangu,

Nimeiona karatasi ya hesabu. Sikuwa nakupekua, nilikuwa natandika kitanda chako. 31 kati ya 100. Nimeirudisha palepale, ukiwa tayari, utaileta mwenyewe.

Nilikaa nayo muda mrefu kuliko unavyodhani. Swali la nne uliambiwa ujumlishe 1/2 na 1/3, ukaandika 2/5. Kalamu nyekundu imepita hapo, lakini mimi nimeona kwamba hukubahatisha. Ulijumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini. Ulifuata kanuni, ila siyo yake. Hebu fikiria: una nusu ya kamba, unaiongezea theluthi, kisha inakuwa fupi kuliko nusu uliyoanza nayo? Maana 2/5 haifiki hata nusu. Ukijiuliza hivyo kabla ya kuhamia swali linalofuata, kosa utalikamata mwenyewe.

Na ule usiku wa kuamkia mtihani ulipokesha na daftari, nami nina lawama. Nilikuona, nikakusifu. Ningekupeleka ukalale, kwa sababu usingizini ndipo akili inapohifadhi uliyosoma mchana. Tangu 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alieleza kwamba ya kukariri kwa mkupuo hayashiki kama yanayorudiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Alijijaribia mwenyewe, maskini, kwa kukariri silabi zisizo na maana.

Kuna jingine. Kwenye fomu ya shule, penye kazi ya mama, uliandika "hana". Sikukasirika. Basi, nilikasirika, asubuhi ile tu. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nikiulizwa hujibu, "Nipo tu nyumbani." Umelitoa wapi kama si kwangu?

Mwaka wako wa kwanza, kama kungekuwa na wa kunisahihisha, hata hiyo 31 nisingeipata. Nepi zilivuja. Homa yako ya kwanza nililia kukushinda. Kukuogesha nilijifunza huku mikono ikitetemeka, na hakuna aliyeniita mjinga, bibi yako alisimama mlangoni akisema, "Rudia." Ile ilikuwa kazi, mwanangu, nami niliisomea kwa kukosea.

Kamba nimeiacha mezani kwako, nimeipiga mafundo 5 kwa nafasi sawa. Hesabu vipande, kisha nionyeshe nusu yake na theluthi yake.

Mama yako