Kabla hujamtafutia kaka yako daktari mwingine wa kumpasua

Mpendwa Zuhura,

Barua yako imenifika jana jioni nikitoka zamu. Nikaisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Pole sana, mwenzangu. Umeniandikia habari ya saratani ya pafu ya kaka yako, ukarudia "wamekataa kumpasua" mara tatu katika ukurasa mmoja, nikajua hujalala, na nikajua umeshaanza kuulizia daktari mwingine atakayekubali.

Nakuomba usubiri kidogo hapo. Miaka yote hii ya kuuguza wodi ya kifua imenifunza mengi, lakini leo nakuandikia zaidi kama binti wa nyumba ile iliyong'ang'ania kisu. Unamkumbuka baba mdogo. Ukoo mzima tulitaka apasuliwe, tukahangaika hadi tukampata aliyekubali, akiwa na picha ya kifua peke yake, tena ya zamani. Ubongo haukupigwa picha, wala hakuna aliyechukua kinyama cha kupima kwenye tezi, vile vivimbe vidogo vya kinga ya mwili. Wakamfungua ubavuni, wakakuta utando unaozunguka pafu umejaa vipele vidogo vyeupe, wakamfunga vile vile. Uvimbe haukuguswa. Alirudi wodini na mshono uliotoka chini ya kwapa hadi mgongoni, mrija umetoka kifuani ukaingia kwenye chupa ya maji sakafuni, na kila akikohoa maji yanatoa mapovu. Nilikaa usiku kucha nikiyatazama yale mapovu. Dawa ambazo angezianza wiki ile zikabidi zingoje mshono upone.

Baadaye watu wakasema saratani ilipigwa na hewa ndiyo maana ikasambaa. Usiliamini hilo ukilisikia, maana utalisikia tu. Hewa haisambazi saratani. Ilikuwa imeshasambaa kabla ya kisu, ila sisi hatukuwa tumeitafuta.

Sasa tumtazame kaka yako. Umeniandikia: uvimbe uko sehemu ya juu ya pafu la kulia, kinyama kimeonyesha si ile aina ya chembe ndogo, na tezi mbili za katikati ya kifua upande huo huo zina saratani. Hiyo ndiyo hatua ya tatu wanayoisema. Zuhura, hizo tezi ndizo zinazobadilisha kila kitu. Saratani ikifika pale, kando ya bomba kuu la hewa, kuna uwezekano mkubwa kuwa chembe nyingine zimeshaingia kwenye damu na hakuna picha inayoweza kuzionyesha. Ukikata pafu kwanza umeondoa kile unachokiona tu. Ndiyo maana wamesema dawa zianze. Soma tena maneno ya daktari uliyoninukulia: "Kwanza dawa, halafu tutaangalia." Hapo hajakataa. Amepanga zamu, na kisu hakikupewa zamu ya kwanza.

Tena mpangilio huo una nguvu kuliko zamani. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2022, wa wagonjwa ambao saratani yao bado ilikuwa ya kupasulika, wengi wao wakiwa hatua ya tatu kama kaka yako. Kundi moja lilipewa kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, peke yake kabla ya upasuaji. Kundi la pili lilipewa kemo pamoja na nivolumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, mizunguko mitatu tu. Vipande vilivyotolewa vilipokaguliwa kwa hadubini, katika kundi la kemo pekee wagonjwa 2 hivi kati ya 100 hawakuwa na chembe hai hata moja ya saratani. Katika kundi la pili walikuwa 24 kati ya 100. Mimi nimekaa na watu waliokuwa wakingoja majibu ya hicho kipande, kwa hiyo namba hizo sizisomi kama namba. Jambo moja tu muulize daktari: je, wamepima vinasaba vya uvimbe wenyewe, hasa EGFR na ALK? Mabadiliko hayo yakiwepo, dawa za kinga mara nyingi hazifanyi kazi vizuri, na ziko dawa nyingine zinazolenga palepale. Kipimo hicho kisirukwe kwa sababu ya haraka.

Swali la pili, na hili ningekuwa wewe ningeliandika kwenye kiganja: wakifika kwenye upasuaji, wataondoa kipande cha pafu au pafu zima? Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Mtu kuondolewa pafu lote kwa mkupuo mmoja kwa ajili ya saratani na kupona ni jambo ambalo limewezekana tangu mwaka 1933, pale Evarts Graham wa St. Louis, Marekani, alipokusudia kutoa kipande, akakuta hakitatosha, akatoa pafu lote la kushoto. Mgonjwa wake, naye daktari, aliishi miaka kadhaa kumpita Graham mwenyewe, ambaye alifariki mwaka 1957 kwa saratani hiyo hiyo ya mapafu. Habari kama hizo ndizo zinazotufanya tuamini kisu kuliko vyote. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wa wagonjwa wenye tezi kama za kaka yako, ulionyesha upande mwingine. Wote walipewa kemo na mionzi, kisha nusu wakapasuliwa na nusu wakaendelea na mionzi bila kupasuliwa. Kwa jumla, waliopasuliwa hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao kwa tofauti ya kutegemewa. Walioondolewa pafu zima, mmoja hivi kati ya kila wanne alifariki kutokana na matibabu. Walioondolewa kipande tu walielekea kufanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kusikia "tutapasua" peke yake kusikutoshe. Pafu zima la kulia ni mzigo mzito kwa moyo na kwa pafu linalobaki. Wakati mwingine mpasuaji hodari anaweza kukata sehemu ya bomba la hewa iliyoliwa na uvimbe, akaunga ncha mbili, akaokoa vipande vilivyobaki. Muulize kama hilo linawezekana kwake.

Na ikiwa baada ya dawa watasema tezi bado ni kubwa, au zimevuka upande wa pili, basi watamweka kwenye mionzi pamoja na kemo, halafu durvalumab, dawa nyingine ya kinga, hadi mwaka mmoja. Wapo wanaoishi miaka kwa njia hiyo bila kuguswa na kisu. Huko si kutupwa, Zuhura. Nakuandikia hivyo kwa sababu sisi tulipoambiwa "haipasuliki" tulisikia "nendeni mkamzike".

MRI, ile picha ya ubongo atakayopigwa wiki ijayo, isikutishe. Wanaifanya ili yasimpate yaliyompata baba mdogo. Wakikuta ubongo uko safi, mpango unaendelea. Wakikuta doa, itakuwa hatua ya nne, na hapo kukata pafu kwa kawaida hakuna maana. Ila hata huko kisu kina kazi zake. Doa likiwa moja tu, na mgonjwa ana nguvu, linaweza kutolewa au kuchomwa kwa mionzi ya kulenga. Tangu mwaka 1990 inajulikana kuwa wenye doa moja la ubongo waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi waliishi wiki 40 hivi, wa mionzi pekee 15. Siku zile dawa za leo hazikuwapo. Na wachache ambao saratani imetua sehemu moja mpaka tatu tu, ikatulizwa na dawa, madaktari hufikiria kuzishughulikia sehemu zote, na pafu pia.

Kuna na upasuaji mwingine ambao haumtoi mtu saratani lakini unampa pumzi. Maji yakijaa kati ya pafu na ubavu, mtu analala ameketi, hawezi kumaliza sentensi. Tunaweka mrija, yanatoka lita moja na zaidi, rangi ya chai ya rangi, na ndani ya saa moja anaomba mto wa kulalia. Kisha pengine wananyunyiza unga wa talki ili utando ushikane maji yasirudi. Uvimbe ukibana uti wa mgongo, upasuaji wa haraka unaweza kumwacha akitembea. Kwa hiyo siku yoyote miguu yake ikilegea ghafla, au akishindwa kukojoa, usingoje kliniki. Mpeleke usiku huo huo.

Nimeandika mengi, nivumilie. Kaka yako mwenyewe ana kazi moja sasa hivi, na ni yeye tu anayeweza kuifanya: sigara iishe leo, isingoje siku ya upasuaji. Kidonda hupona vibaya na nimonia huja upesi kwa anayevuta. Halafu atembee. Watampima pumzi kwa kumpulizisha kwenye mashine, na pengine watampandisha ngazi wamtazame, kwa sababu kupasulika kwa uvimbe ni jambo moja na mwenye kifua kuhimili ni jingine. Apande ngazi za nyumbani kila asubuhi na jioni, wewe ukiwa nyuma yake. Uandike amefika ya ngapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi.

Alhamisi sina zamu. Nitakuja, tutaingia naye sote watatu kwa daktari. Chukua picha zake zote kwenye bahasha pamoja na karatasi ya majibu ya kinyama, nami nitakuja na daftari la maswali. Kama baada ya hapo bado utataka maoni ya daktari wa pili, nitakusindikiza, maana hiyo ni haki yake. Tutamwuliza huyo naye maswali haya haya, si kama atakubali kukata.

Msalimie sana, na mwambie namngoja aniambie mwenyewe idadi ya ngazi.

Wako,
Mwanaidi