Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Kupanda kutoka Darasa la Wanaoanza hadi Darasa la Kati

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawakaribisha katika mkutano mkuu wa mwaka na kuwasilisha taarifa hii kama katiba ya chama chetu cha densi inavyomtaka mwenyekiti afanye. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya pamoja na waliotuaga iko mikononi mwa katibu, kwa hiyo sitazigusa. Nafasi yangu karibu yote nitaitumia kuzungumzia jambo moja ambalo limeishughulisha kamati mwaka mzima na kuzua manung'uniko kuliko jingine lolote, nalo ni utaratibu mpya wa kumpandisha mwanachama kutoka darasa la salsa la wanaoanza hadi darasa la kati.

Hadi mwaka jana utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtu alimaliza muhula wa wanaoanza, akalipa ada ya muhula uliofuata, akahamia darasa la kati, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuingia katika wimbo bila mwalimu kumhesabia. Matokeo yake tuliyaona sote: walimu walilazimika kutumia nusu ya kipindi kurudia hatua ya msingi, staili mpya zikafundishwa harakaharaka dakika za mwisho, na wanachama waliokuwa kweli wa kiwango cha kati wakaanza kutafuta madarasa kwingine mjini. Kwa maoni yangu, darasa la namna hiyo lina madhara kuliko kubaki na wanaoanza, kwa sababu mtu anayefundishwa kuzunguka mara mbili kabla hajaweza kusimama imara baada ya mzunguko mmoja huzoea kumning'inia mwenzake, na zoea hilo likishaingia mwilini halitoki upesi.

Baada ya kushauriana na walimu, kamati iliamua kwamba kuanzia muhula wa pili kupanda darasa hakutategemea miezi aliyohudhuria mtu wala idadi ya staili alizokariri. Kutategemea kama msingi wake unashika akiwa na mwenzake yeyote, katika wimbo wowote wa kasi ya kawaida. Naomba nieleze kwa kirefu maana ya maneno hayo, kwa kuwa wengi waliolalamika hawakupata nafasi ya kuelezwa.

Tuanze na mapigo. Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane: mchezaji hukanyaga pigo la kwanza, la pili na la tatu, hutulia la nne, kisha hukanyaga la tano, la sita na la saba, na kutulia la nane. Katika darasa la wanaoanza mwalimu huhesabu kwa sauti na huchagua nyimbo za taratibu. Ukumbini, usiku wa densi, si ajabu kupigiwa wimbo wa mapigo 180 au 200 kwa dakika, na katika kasi hiyo mapigo yote manane hupita kwa muda usiofika sekunde tatu. Anayehesabu kichwani kwa kasi hiyo habaki na nafasi ya kumwona mwenzake, wala watu wanaocheza pembeni yake. Kwa hiyo sasa mwalimu hucheza wimbo ambao mwanachama hajausikia darasani, hanyanyui sauti kuhesabu, na hutazama kama mtu analipata pigo la kwanza mwenyewe na, akipotea, kama anaweza kurudi bila kusimama. Hilo la kurudi ndilo walimu walilolitilia mkazo zaidi, maana hata wacheza densi wa miaka mingi hupotea, na wenzao huenda wasijue.

Hapa sisi wa Nairobi tuna bahati fulani. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, ilikua kwa kiasi kikubwa kutokana na santuri za Kikuba zilizofika Kongo kuanzia miaka ya 1930, na bendi kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilifanya jiji hili kuwa makao yao miaka ya 1970. Mtu aliyelelewa katika nyumba yenye muziki huo tayari ameyazoesha masikio yake mdundo ulio jamaa wa karibu wa ule wa klave, yaani vijiti viwili vinavyogongwa mara tano ndani ya mapigo manane, ambao salsa imejengwa juu yake. Bahati hiyo hata hivyo ina kasoro yake. Rumba wengi wetu huicheza kwa kujiachia, pasipo hesabu maalumu ya miguu, na mwanachama anayeingia akisema ameanza kucheza utotoni ndiye mara nyingi anayeona vigumu zaidi kutulia kwenye pigo la nne na la nane.

Jambo zito zaidi ni kuongoza na kufuata, na hili naomba wanachama wanivumilie nikilikalia kidogo. Darasani mwalimu hutangaza staili, watu wote huijaribu pamoja, na anayefuata hugeuka kwa sababu amesikia kuwa sasa ni zamu ya kugeuka. Anayeongoza huona staili imekamilika na kuamini kwamba ameiongoza, ilhali mkono wake haukusema lolote. Mtu anaweza kumaliza muhula mzima akiwa katika hali hiyo bila yeye wala mwalimu kujua. Ukweli hujitokeza anapomwomba densi mtu asiyemfahamu, ambaye hakuwa darasani wiki hiyo, na staili zake zote zinagoma.

Ndiyo sababu katika utaratibu mpya mwanachama huchezeshwa na wenzake kadhaa, na baadhi yao ni watu ambao hawajafundishwa staili anayotaka kuifanya. Kipimo kikuu ni ile staili ambayo anayeongoza hujiondoa njiani na kumpitisha mwenzake upande wa pili, kwa kuwa staili nyingi mno za salsa ya mstari, yaani ile ambayo wawili huicheza wakipishana kwenye mstari mmoja, zimejengwa juu yake. Walimu hutazama kama ishara inatoka mwilini na inatolewa mapema, kabla ya pigo lenyewe, au kama mtu anangoja pigo lifike kisha anavuta mkono. Kwa upande wa anayefuata hutazama kama anangoja kuongozwa au anabahatisha, kama ana uzito wake mwenyewe juu ya miguu yake, na kama mkono wake una uhai kidogo, usiwe umekakamaa wala usiwe umelegea. Yeyote aliyewahi kuwatazama wazee wa Murang'a wakicheza mwomboko, densi ya Wakikuyu ya wawili wawili, kwa kodiani na karing'aring'a (duara la chuma linalogongwa) anajua kwamba densi ya wawili inaweza kuwa na hatua chache sana na bado ikadai umahiri.

Yapo mambo mawili yaliyotokana na hayo ambayo hayakuwapendeza wote. La kwanza ni kwamba anayeongoza na anayefuata hawapandi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni anayeongoza hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwani lazima akumbuke staili, aongoze, asikilize mapigo na alinde nafasi, na mara nyingi yeye hubaki nyuma. Anayefuata huonekana amekomaa haraka, kisha hukwama katika darasa la kati, ambako mizunguko huongezeka na hakuna tena wa kumshikilia. La pili ni idadi. Wanawake katika madarasa yetu ni wengi kuliko wanaume, na kwa kuwa wengi wa wanawake hufuata, kulikuwa na shinikizo la kuwapandisha wanaume mapema ili kusawazisha safu. Kamati ilikataa. Mwanamume asiye tayari akipandishwa kwa sababu tu ya uhaba, wanaopata hasara ni wale wanawake watakaovutwa mabega muhula mzima. Badala yake tuliwaalika wanachama wa jinsia zote kujifunza upande wa pili, na ingawa baadhi walisita, na wengine wakatania, waliokubali wamekuwa miongoni mwa wanachama waliopanda kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtu aliyewahi kuvutwa ovyo hujua mkono wake unamfanya mwenzake ahisi nini.

Madarasa ya bachata na kizomba yatafuata utaratibu huohuo, ila kiwango cha densi moja hakihesabiki katika nyingine. Bachata ya Jamhuri ya Dominika nayo ina mapigo manane, na mguso wa mguu kwenye la nne na la nane, lakini mizani ya mwili ni tofauti. Kizomba, iliyotoka Angola, huongozwa kifua kwa kifua na kwa kutembea, na wanaoidharau kwa kuwa ina staili chache ndio hutolewa jasho nayo. Vilevile, madarasa yetu ya salsa yataendelea kubadili mwelekeo kwenye pigo la kwanza, kama ilivyozoeleka Los Angeles. Mtindo wa pigo la pili, ambao mwalimu wa densi Eddie Torres aliueneza kutoka New York, ni mzuri, na kamati haina ugomvi nao, lakini walimu wanaomba usianzishwe kwa mtu ambaye la kwanza bado halijatulia.

Kuhusu viatu, nasisitiza. Ukumbi wetu ni wa vigae, na raba zenye soli ya mpira huganda sakafuni wakati mwili unazunguka, hivyo nguvu ya mzunguko huishia gotini. Katika darasa la wanaoanza hatari ni ndogo. Katika darasa la kati ni kubwa. Anayepanda darasa ataombwa kuwa na viatu vyenye soli laini ya ngozi, na fundi yeyote mzuri wa viatu anaweza kuibandika juu ya viatu vya zamani.

Sasa malalamiko. Wapo waliosema kwamba kamati inawarudisha watu darasani ili ilipwe mara mbili. Anayerudia muhula hulipa nusu ya ada, na zamu za mazoezi za Jumamosi alasiri ni bure kwa kila mwanachama, ziwe na mwalimu au zisiwe naye. Wengine walilalamika kwamba wanapitwa na mapitio ya mwanzo wa kipindi kwa sababu ya msongamano wa Barabara ya Thika na wa njia ya Rongai. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na vipindi vya jioni vimesogezwa kutoka saa kumi na mbili hadi saa moja kasorobo, ila havitasogezwa zaidi ya hapo kwa ajili ya wanaotegemea matatu kurudi nyumbani. Lalamiko la tatu lilitoka kwa wanaoanza, kwamba baadhi ya waliopanda darasa majuzi huwasimamisha katikati ya wimbo kuwasahihisha. Kamati inakubaliana nao: usiku wa densi, anayefundisha ni mwalimu peke yake, na ni pale tu anapoombwa.

Mbele ya mkutano huu kuna mapendekezo mawili. La kwanza ni kuanzisha darasa la kuvukia, la muhula mmoja, kati ya wanaoanza na wa kati, lisilofundisha staili yoyote mpya bali kuzicheza zilezile kwa kasi kubwa, kwa kubadilishana wenza na bila kuhesabiwa. La pili ni kwamba asiyeridhika na uamuzi wa mwalimu wake apewe haki ya kutazamwa na mwalimu wa pili ndani ya wiki mbili. Kila pendekezo litapigiwa kura peke yake, kwa kunyoosha mkono, mara tu mweka hazina atakapomaliza kusoma hesabu, na katibu ana nakala za maandishi kwa wale watakaotaka kuzisoma kabla ya kura.

Mwenyekiti