Sigarilo tamu si nafuu kwa aliyezoea kumeza moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo siku hizi nalisikia mara kwa mara hapa Moshi, hasa kwa wavutaji wa rika langu: kwamba mtu aliyechoshwa na gharama ya sigara na kikohozi chake anaweza kupata nafuu akihamia kwenye sigarilo, vile visigara vya kahawia vinavyoviringwa kwa jani au ganda la tumbaku badala ya karatasi nyeupe, na ambavyo vya bei ya chini hutiwa ladha ya matunda, vanila au asali. Shauri hilo nimelifuata kwa miezi minne, na ninaandika kueleza nilichokikuta.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mwonjaji wa kahawa, kazi ambayo mvutaji hashauriwi kuigusa, nami niliimudu kwa kutowasha sigara hata moja mpaka vikombe vyote viwe vimeondolewa mezani. (Wenzangu walijua, na walinisamehe kwa sababu sikuwahi kukosea kikombe chenye ukungu.) Kwa hiyo sikuzijia sigarilo kama mtu asiyejua harufu. Mpwa wangu anayeongoza wageni mlimani aliachiwa na mgeni kutoka Marekani mfuko wa pakiti ndogo ndogo, kila moja ikiwa na sigarilo 2 na bei ya senti 99 imechapishwa juu yake, akaniletea akisema, "Mjomba, jaribu hizi, huenda ukapunguza." Nilipowasha ile ya zabibu, sebule nzima ilinukia kama duka la peremende, na mke wangu, ambaye tangu tuoane amekuwa akinifukuzia barazani, safari hii alinyamaza. Niliamini nimepona.

Mwanzoni hesabu ilinipendeza sana. Nilikuwa navuta sigara 15 kwa siku, na sasa nilitosheka na sigarilo 4. Mfuko ulipoisha, mpwa wangu akaendelea kuniagizia kwa wageni wengine, na hata kwa fedha zetu matumizi yangu yalipungua. Ilinichukua muda kukaa chini na kupima. Sigara ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu 1. Sigarilo za aina niliyokuwa navuta huwa na takriban gramu 3. Nne kwa siku ni gramu 12, kiasi ambacho hakitofautiani sana na kile nilichokuwa nikikiteketeza zamani, tena sigarilo zangu hazikuwa na kichungi. Kupungua kulikuwa kwenye vidole tu.

Jambo la pili ndilo ambalo wauzaji wa shauri hili hawalijui au hawalisemi, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa maana linafanana na kazi yangu ya zamani. Sehemu kubwa ya tumbaku inayojaza sigara ni ile inayokaushwa kwa joto la mabani, yaani vibanda vya kukaushia, ambayo wakulima wa Urambo na Kahama huiita tumbaku ya mvuke. Sukari yake hubaki ndani, na moshi wake huwa na uchachu kidogo. Moshi wa namna hiyo hautoi nikotini nyingi mdomoni, ndiyo sababu mvutaji wa sigara hulazimika kuumeza hadi mapafuni. Tumbaku ya siga, yaani zile sigara nene za majani ya tumbaku ambazo sigarilo ni ndogo zao, hukaushwa kwa hewa, kisha hurundikwa ichache kama tunavyoacha buni iliyomenywa ichache kwenye tangi kabla ya kuoshwa, na baada ya hapo moshi wake huegemea upande wa magadi. Wazee wetu wanaochanganya ugoro na magadi ili ukolee hawakuhitaji maabara kulielewa hili: magadi huifungua nikotini, ikapenya kwenye ngozi laini ya kinywa bila kusubiri mapafu. Ndiyo maana mvutaji wa siga wa tangu ujana anaweza kutosheka kwa kuushika moshi mdomoni na kuutoa.

Mimi, hata hivyo, sikuwa mvutaji wa siga wa tangu ujana. Kifua changu kilikwisha kufundishwa na sigara, na kila nilipoweka sigarilo mdomoni kilimeza, iwe nataka au sitaki. Nilikuwa napokea nikotini kwa milango yote miwili, pamoja na moshi mzito kuliko ule niliouacha, na ladha ya zabibu ilikuwa ikinipoza koo ili nisistuke. Kikohozi kiliondoka kwa wiki mbili hivi, kikarudi na mizigo yake. Kwenye pakiti, chini ya picha ya zabibu, kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuyajali mpaka nilipovaa miwani: siga si mbadala salama wa sigara. Baadaye nilifahamu kwamba onyo hilo ni miongoni mwa yale ambayo kampuni kubwa za siga za Marekani zilikubaliana na serikali yao mwaka 2000 kuyachapisha kwenye bidhaa zao.

Kuhusu ladha yenyewe, nitasema kama mwonjaji. Mtu akikuletea kahawa iliyotiwa vanila, swali la kwanza ni buni yake ilikuwaje. Niliifungua sigarilo moja juu ya sahani, nikakuta mabaki ya majani yaliyosagwa, yamebanwa ndani ya ganda lililotengenezwa kwa unga wa tumbaku uliogandishwa kama karatasi. Siga ya jani zima haihitaji zabibu.

Ninaloliomba kwa wanaohusika na kanuni za tumbaku nchini ni kwamba wasilitazame jambo hili kwa jina la bidhaa. Marekani ilipopiga marufuku sigara zenye ladha mwezi Septemba 2009, ikiacha menthol peke yake, ile ladha ya ubaridi kama wa mnanaa, siga hazikuguswa. Sigara za karafuu kutoka Indonesia zikavishwa ganda la tumbaku na kurudi madukani kama siga. Kanada iliziba ladha kwenye siga ndogo zisizozidi gramu 1.4, na watengenezaji wakaongeza uzito kidogo tu, mpaka mwaka 2015 ilipobidi kiwango kipandishwe hadi gramu 6. Uingereza ilipoondoa sigara za menthol mwezi Mei 2020, sigarilo za menthol zilikuwa zimekwisha kujipanga rafuni, tena katika pakiti za 10, wakati sigara haziruhusiwi kuuzwa chini ya 20. Sheria yetu ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, na hilo ni jema. Ila kitu chenye harufu ya peremende na kinachouzwa kwa bei ya peremende hakitamngoja afike umri huo. Kanuni ikitungwa, itaje tumbaku yoyote inayowashwa na kutiwa ladha, bila kujali imefungwa kwa nini au ina gramu ngapi.

Kwa wavutaji wenzangu wa hapa Moshi, wanaoniona nikipita karibu na mnara wa saa na kuniuliza kama zile tamu bado zipo: zipo pakiti tatu kabatini, na siziuzi wala sizigawi. Mpwa wangu nimemwambia asiniagizie tena.

Mwonjaji wa kahawa mstaafu,
Rau, Moshi