Uvimbe wa ubongo si wa aina moja kwa wote

Mhariri,

Makala yenu ya juzi ilieleza saratani ya ubongo kana kwamba jeni zake ni zilezile kwa kila mgonjwa. Sivyo. Nchini Marekani, glioblastoma, ule uvimbe mkali unaomaliza watu kwa muda mfupi, huwapata Wazungu takriban mara mbili ya Weusi. Meninjioma, inayoota kwenye utando wa ubongo na mara nyingi si saratani, huwapata zaidi Weusi. Mwaka 2001 watafiti wa eneo la San Francisco walionyesha kuwa mabadiliko ya TP53, jeni inayozuia seli kukua ovyo, yalikuwa mengi zaidi kwenye uvimbe wa wagonjwa wasio Wazungu. Kuwa na bima au kupata kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, navyo huchangia tofauti za takwimu, nakubali, lakini havielezi tofauti za jeni zilizomo ndani ya uvimbe.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka jeni kama IDH, ambayo mabadiliko yake husaidia kutofautisha aina za uvimbe, zipimwe kabla uvimbe haujapewa jina kamili. Basi mwandishi wenu aende Wizara ya Afya akaulize: ni maabara zipi za rufaa nchini zinazopima IDH, na mgonjwa asiye na bima analipa shilingi ngapi?

Msomaji wenu,
Morogoro