Pumzi imetulia, hofu iko pale pale

Kwako Mshauri,

Salamu nyingi. Sisi ni walimu wawili wa yoga, na tunaomba ushauri wako kuhusu wanafunzi wanaokosa usingizi kwa kuwaza mabadiliko ya tabianchi. Miili yao tunajua la kuifanyia. Kinachotushinda ni kile kinachofuata.

Hawa hawaogopi bure. Mwaka 2021 jarida la The Lancet Planetary Health lilitoa matokeo ya kuwahoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10: asilimia 59 walikuwa na wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 walisema unawavurugia shughuli za kila siku. Nao 2024 ukawa mwaka wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya enzi ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi. Anayeogopa lifti unaweza kumwambia, bila kumdanganya, kwamba lifti haina neno. Huyu utamwambia nini?

Kipindi chetu ni cha dakika 60. Kumi za mwanzo ni za pumzi: mgongo ukutani, nyayo zote sakafuni, kiganja kimoja chini ya kitovu. Anavuta kwa pua kwa hesabu ya 4, anatoa kwa hesabu ya 6, bila kuizuia popote. Hiyo ni pumzi moja kwa sekunde 10, yaani 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20. Kazi inafanywa na ule utoaji mrefu, kwa sababu moyo huongeza kasi hewa ikiingia na kuipunguza ikitoka. Anayebisha aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, atayasikia mapigo yakikaribiana kisha yakiachana. Asiyeweza 6 huanza na 3 kwa 4.

Mambo huharibika hapa hapa. Mwambie mtu mwenye hofu "vuta pumzi ndefu" uone: mabega yanapanda, kifua kinajaa, na kabla hajamaliza kutoa anavuta nyingine. Anaitoa hewa ukaa upesi kuliko mwili unavyoitengeneza, midomo na ncha za vidole zinaanza kuchonyota, kichwa kinakuwa chepesi, naye anaamini anazimia. Maneno hayo tumeyaacha. Siku hizi tunasema "toa taratibu, itaingia yenyewe."

Kosa la pili ni kuzuia pumzi. Ile ya pande nne, 4-4-4-4 (kuvuta, kuzuia, kutoa, kuzuia), inawafaa wengi. Lakini aliyekuja akiwa na picha ya moshi na joto kichwani, ukimzuia pumzi hewa ukaa inapanda damuni, mwili unadai hewa, na ile picha inapata ushahidi. Kapalabhati na bhastrika, pumzi za haraka na za nguvu, hatuzigusi kabisa na kundi hili, kwani kazi yake ni kuchangamsha, na hawa wamechangamka kupita kiasi tayari. Bhramari, pumzi ya nyuki, ndiyo iliyotusaidia zaidi: unavuma kama nyuki midomo ikiwa imefumbwa, na mvumo wenyewe unarefusha utoaji bila kuhesabu chochote. Mtu anayehesabu nyuzijoto mchana kutwa hahitaji tarakimu nyingine.

Baada ya pumzi tunasimama. Mwenye hofu mbichi halazwi moja kwa moja. Mkao wa mlima, yaani kusimama wima, kisha shujaa wa pili, miguu ikiwa mbalimbali, goti la mbele limekunjwa na mikono imenyooshwa, pumzi 5 kila upande, mara 3, hadi mapaja yatetemeke kidogo. Halafu kuinama magoti yakiwa yamekunjwa, mkao wa mtoto, yaani kupiga magoti na kuinama mbele, kifua kikiwa juu ya blanketi lililokunjwa, na miguu ukutani kwa dakika 5 hadi 10. Huu wa mwisho hatumpi mwenye presha ya macho wala presha ya damu isiyodhibitiwa.

Shavasana, ule mlalo wa chali wa kufunga kipindi, ambayo kwa wengine ni zawadi ya kipindi, kwa hawa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Macho yamefumbwa, kimya, hakuna la kufanya; mawazo yana uwanja mzima. Dalili zinaonekana ukitazama: taya linakaza, kope zinachezacheza, anameza mate mara kwa mara, vidole vya miguu havitulii. Tumeipunguza kutoka dakika 10 hadi 4. Wanalala ubavu, blanketi zito juu ya mapaja, macho nusu wazi yakiangalia doa moja sakafuni. Hata hivyo kuna wanaoinuka na kukaa, nasi hatuwazuii.

Sasa, Mshauri, tatizo lenyewe.

Utulivu huu haudumu. Tumewashauri wasiguse simu kwa nusu saa baada ya kipindi, na wasome habari mara moja kwa siku kwa saa maalumu, kamwe si kitandani. Wanashika wiki moja. Hilo tunalielewa, hata halituumizi kichwa sana.

Linalotusumbua ni wale ambao yoga imewasaidia mno. Wanalala vizuri, uso umekunjuka, na wanakuambia kwamba mambo ya tabianchi hawayafuatilii tena. Wamepona, au wamekufa ganzi? Kipimo chetu ni cha kienyeji: aliyetulia ukimtajia ukame anajibu, hata kama sauti inashuka, aliyekufa ganzi anacheka au anageuza mazungumzo. Lakini huko ni kwenye taaluma yako, si yetu, na tunaogopa kumpongeza mtu kwa kujificha.

Hapo ndipo sisi wenyewe tunapogawanyika. Mmoja wetu anashikilia kwamba mkekani habari za dunia zisiingie. Mtu apate walau saa moja ya kupumua. Mwenzake anaona mwili ulioandaliwa kukabili jambo haufai kurudishwa nyumbani mikono mitupu, hivyo dakika 15 za mwisho kila mmoja aandike jambo moja analoweza kufanya wiki hiyo, na nani, siku gani. Tumejaribu njia zote mbili. Mazungumzo yakifunguliwa, anatokea mmoja mwenye takwimu, na ndani ya dakika 5 pumzi za chumba kizima zimepanda kifuani. Yakifungwa, yanafanyika kwa kunong'ona mlangoni watu wakivaa viatu, bila wa kuyaongoza.

Na kuna la rufaa. Asiyelala kwa wiki kadhaa, aliyeacha kula, anayeshikwa na hofu ya ghafla kila siku, tunamwelekeza kwa mtaalamu. Anayesema hataki kuishi hatumwachi peke yake, na anapelekwa siku hiyo hiyo. Hao hawana utata. Tunababaika na yule anayekuja mara 5 kwa wiki na akikosa moja anatetemeka. Pumzi zake ni nzuri, mikao yake safi, ila yoga kwake imekuwa kama kitasa anachorudi kukikagua kila mara kama kimefungwa. Tukimwambia apunguze, tunamnyima kinachomshikilia. Tukimwacha, huenda sisi ndio tunaomfungia ndani.

Tunaomba utujibu mawili. Katika kipindi cha dakika 60, mazungumzo yakae wapi na yaongozwe kwa swali gani ili yasigeuke mashindano ya takwimu? Na huyu wa mara 5, mwalimu wa yoga amwambie nini, kwa maneno gani hasa?

Wako,
Walimu wawili wa yoga