Vitunguu vya Jirani

Karibu na Leicester,
Mei 3

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, baba watoto anakusalimu sana. Juzi uliniuliza kama huku kuna ndege au baridi imewamaliza wote, mtandao ukakatika kabla sijakujibu.

Wapo. Lakini nianze na vitunguu. Oktoba jirani yetu, bibi kikongwe anayeishi peke yake, alinipa mfuko mzima. Mimi nikashukuru, nikatoa kisu na sufuria. Baba watoto akaniwahi: "We! Hivyo ni vya maua, ni sumu!" Nikavifukia nyuma ya nyumba kwa hasira, nikavisahau.

Unajua kwako sikumbuki mwezi usio na ua. Asumini ikipumzika, mkilua unanukia; mwaka ukiisha, mkrismasi wa barabarani unawaka mwekundu. Hapa Desemba jua linazama saa kumi kasoro, na bustani ni tope na vijiti. Anayeimba katika giza lile ni robini peke yake, kidege kidogo kama ngumi ya mtoto, kifua rangi ya chungwa. Nilimwonea huruma, kumbe anagombea mipaka! Mwenzake akitua kwenye uzio wetu, vita.

Januari mwishoni wenyeji wana desturi tangu 1979: unakaa saa moja nzima dirishani, unahesabu ndege waliotua bustanini kwako, unapeleka hesabu kwa chama chao cha ndege. Mjukuu wako alishika kalamu. Akaandika aina mbili, mweusi mwenye mdomo wa njano na wa kahawia, kumbe ni mume na mke. Tukafuta.

Siku hizohizo vikatokeza vijiua vyeupe vimeinamisha vichwa kama bi harusi. Machi ndipo vitunguu vyangu vikatoka, mama: dafodili za njano, mstari mzima umepinda kwa sababu nilivifukia ovyo. Jirani akaniambia baridi ile niliyokuwa naililia kila siku ndiyo inayovifanya vitoe maua. Sikupenda kusikia hivyo, ila nimevisamehe.

Sasa ninalotaka kukwambia hasa. Juma lililopita mbayuwayu wameingia kwenye banda la farasi nyuma yetu, wale wenye mkia wa panda wanaojipanga kwenye nyaya za umeme pale Tanga wakati wa vuli. Wanabeba tope kwa mdomo, wanajenga. Nilisimama na nguo mbichi mkononi hadi vidole vikafa ganzi. Nikamwambia baba watoto, hawa wametoka kwetu. Akasema hapana, wa Uingereza wengi hukaa Afrika Kusini, wanakatiza Sahara kurudi. Wale wa kwenye nyaya zenu labda wanakwenda kuzaliana Urusi. Mtu huyu hajui kuacha jambo zuri lipite. Mimi nawaamkia hivyohivyo, kwa Kiswahili.

Nina ombi. Mwambie mdogo wangu anirekodie uani alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza. Nataka sauti za ndege, shore na yule chozi wa kwenye mkomamanga. Kunguru wakiingilia asiwakate, nao waje.

Mwanao